Mama amelala kwangu kwa mara ya kwanza. Na nyinyi, siku zenu ni zipi?

Binti_wa_Wote (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo wapendwa. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma tu za wenzangu. Leo naandika kwa sababu nina furaha ambayo chumba changu hakiitoshi.

Mama yangu amekuja Nairobi na amelala kwangu. Kwangu, yaani nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe huku Umoja, bedsita yenye jiko dogo pembeni na choo ndani. Nina miaka 26, nafanya kazi katika duka la dawa mjini. Sijaolewa, sina mtoto, na sina gari. Naeleza hayo mapema kwa sababu ndiyo maswali matatu ninayoulizwa kila nikienda nyumbani Makueni.

Kilichomleta mama ni mtoto. Kaka yangu na mkewe wako Kayole, na wamejaliwa binti, kifungua mimba wao. Kwetu Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo malaika yule ni somo wa mama yangu. Kaka alipompigia mama simu kumwambia, upande wa pili ukawa kimya. Tukadhani mtandao umekatika. Kumbe mama alikuwa ameiweka simu juu ya meza, akatoka uani kupiga vigelegele, na majirani wakaanza kuja kuuliza kuna nini.

Sasa, kaka naye ana chumba kimoja, na mama mkwe wake alikuwa amekwisha kufika kumwangalia mzazi. Mama akasema hatabanana ndani na mkwe na mkwewe, heshima itaenda wapi? "Nitalala kwa msichana." Kaka alinipa habari hiyo kwa simu nikiwa kwenye matatu, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu ili nitembee kidogo nikiwaza.

Nilijiandaa jamani. Nilienda Gikomba asubuhi, wakati marobota yanafunguliwa, nikachagua shuka mbili nzito za pamba na blanketi lisilotoa manyoya. Nikapita Kamukunji kwa mafundi wa jua kali nikanunua sufuria kubwa yenye kifuniko, maana zangu zote zilikuwa za kupikia mtu mmoja. Mtungi wa gesi nikaujaza hata kabla haujaisha. Nikanunua tokeni za stima za kutosha ili taa isije ikazima mama akiwa bafuni. Mitungi yote ya maji nikaijaza siku ya zamu yetu. Msimamizi wa ploti akaniuliza kama nahama.

Nilimpokea pale kituo cha Machakos. Alishuka na ndengu, muthokoi (mahindi yaliyokobolewa), maembe, kuku mzima ndani ya kapu, na kiondo cha katani alichokisuka mwenyewe kwa ajili ya somo wake. Nikambebea. Miaka yote nilikuwa nikifika naye mahali, yeye ndiye anayejua njia na kushika nauli. Safari hii nilimlipia mimi, nikamkalisha dirishani, nikamwonyesha Jogoo Road.

Alipoingia ndani hakukaa. Alizunguka. Alifungua kabati la unga, akanusa mafuta ya kupikia, akabonyeza godoro, akasukuma dirisha kuona kama lina komeo. Akauliza mlango wa nje hufungwa saa ngapi na nani ana ufunguo. Kisha akavua viatu, akaketi kitandani, akasema: "Haya. Nipe maji."

Nikampa maji. Nikampikia chapati na kuku (si yule wa kapu, huyo alikuwa wa mzazi). Akala akaongeza. Mtu mliyemwona miaka yote akila mwisho, tena ukoko, akiwa amewapa watoto kwanza, halafu leo yuko mbele yako anaongeza mchuzi kwa sababu ameona sufuria bado imejaa! Nilisahau kula.

Jioni jirani akabisha kurudisha beseni, akamwona, akamwamkia: "Karibu, mama" na jina langu. Kijijini mama huitwa kwa jina la kaka yangu, na ndivyo ilivyo tangu nizaliwe. Hapa kwenye hii ploti hakuna anayemjua kaka. Hapa yeye ni mama yangu mimi. Aliitika kwa sauti, na jirani alipoondoka akarudia lile jina polepole akitabasamu.

Nimewaza sana. Mambo makubwa ya msichana yanajulikana: kufuzu chuo, ruracio (mahari), harusi, mtoto. Hayo yana kamati, yana makadirio, yana kundi la WhatsApp la michango na mweka hazina. Lakini siku mzazi wako anapolala chini ya paa unalolilipia hakuna anayekupigia simu ya pongezi. Wala siku ulipopata kitambulisho ukajiandikishia laini ya simu kwa jina lako. Wala siku ulipotuma pesa nyumbani bila kuombwa. Mimi nasema siku hizo nazo ni hatua za maisha, na zinastahili kutajwa, watu wafurahi nasi zikiwa bado moto.

Kwa hiyo nauliza. Siku zenu ni zipi? Zile ambazo hakuna aliyezichangia hata shilingi.

Jirani_wa_Innercore

Nasomea hii kwenye foleni ya maji, machozi yananitoka. Hongera dada.

MamaPacha_Kayole

Hongera sana, na mpe mama pongezi kwa somo wake. Karibuni Kayole, sisi ndio majirani wa mtoto sasa.

Siku yangu ni ya chanjo ya mwisho. Mwenye watoto atanielewa. Unaanza na ile ya kifua kikuu na matone ya polio mtoto akizaliwa. Kisha wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, halafu surua na rubela miezi 9, na ya pili miezi 18. Mimi nina pacha, kwa hiyo kila tarehe ni sindano mara mbili, vilio mara mbili, na usiku wa homa mara mbili. Ukimtuliza mmoja mwenzake anaanza.

Siku waliyomaliza ya miezi 18 nesi alikifunga kijitabu cha kliniki akaniambia, "Mama, umefanya kazi." Hakuna siku niliyowahi kusifiwa hivyo, hata harusini kwangu. Nilitoka pale nikiwa na mmoja mgongoni na mmoja mkononi, nikawanunulia ndizi, nikajinunulia na mimi soda baridi nikainywa nimesimama palepale dukani. Kijitabu nimekihifadhi pamoja na vyeti vyangu vya shule, kwa sababu nacho ni cheti.

Halafu dada, mwambie kaka yako asiache karatasi ya taarifa ya kuzaliwa ikae droo. Mtoto aandikishwe kabla ya miezi 6 kupita. Baada ya hapo inakuwa ni kuandikisha kwa kuchelewa, na makaratasi yanaongezeka. Shule ya chekechea wanauliza cheti cha kuzaliwa kabla hata hawajamwona mtoto.

Binti_wa_Wote

Asante Mama Pacha, nimempigia kaka sasa hivi. Anasema karatasi iko, ameiweka ndani ya Biblia. Nimemwambia aitoe humo Jumatatu.

Dada_Mkubwa

Mimi ni kifungua mimba, tuko watano. Siku yangu ni siku ya wazazi.

Mdogo wangu alikuwa kwenye lile darasa la mwisho kabisa la KCPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, mwaka 2023. Alifanya vizuri akaitwa shule ya bweni. Mwaka uliofuata barua ikaja: mzazi au mlezi afike shuleni siku fulani. Mama alikuwa na mguu mbaya hawezi safari, baba ni wa kazi za vibarua na siku hiyo alikuwa na kibarua. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda mimi.

Nilipika usiku. Chapati nikazifunga kwa kitambaa zisikauke, kuku, viazi vya kukaanga, parachichi, na chupa ya maji ya matunda. Nikafika getini mlinzi akaniuliza, "Wewe ni mwanafunzi wa zamani?" Nikasema hapana, mimi ni mzazi. Lilitoka tu mdomoni! Akanipa daftari niandike, na kwenye safu ya uhusiano nikaandika "dada", lakini mwalimu wa darasa aliponiita mbele ya meza yake alisema, "Mzazi, keti." Nikaketi. Akanionyesha alama moja baada ya nyingine, nami nikauliza maswali ya maana, kwa nini hisabati imeshuka, anakaa na nani darasani, miwani inamfaa?

Tulikula chini ya mti kama familia zingine. Mdogo wangu aliwaita marafiki zake watatu ambao hawakutembelewa. Chapati zikaisha zote. Sijawahi kujiona mtu mzima kama siku ile, na nilikuwa na miaka 23.

Mtu_wa_Hesabu

Naheshimu furaha za watu, lakini niseme jambo moja kwa nia njema. Hizi siku ndogo zina bei. Dada amenunua shuka, blanketi, sufuria, gesi, tokeni, kuku. Mwingine amepika chakula cha watoto wanne. Wasichana wengi Nairobi hupokea mshahara wao wa kwanza na haufiki tarehe kumi kwa sababu nyumbani wamekwisha kuupangia. Nimeona binti akikopa kwenye simu ili amtumie mama pesa, kisha mama anasifu kanisani, na binti analala njaa. Nina dada watatu, najua ninachosema. Tusiwafundishe kwamba upendo ni kutoa mpaka uishe.

Binti_wa_Wote

Mtu wa Hesabu, umesema jambo zito na sitalipuuza, kwa sababu nami nimewaona wasichana hao. Wengine ni wateja wangu dukani, wanaomba nusu ya dozi.

Ila ninazozitaja mimi si siku za kutoa. Shuka nitalalia mimi miaka mitano. Sufuria ni yangu. Gesi ningejaza tu wiki ileile. Na ukitazama vizuri, mama ndiye aliyekuja na mzigo mkubwa kuliko wangu. Kilichonipa furaha ni kwamba alikuwa mgeni wangu, akaniacha nimhudumie. Akinamama zetu hawajui kuketi. Ukienda nyumbani anakuinua kwenye jiko, ukimletea kiti anasema amezoea kusimama. Siku ile aliketi. Hiyo hainunuliwi.

Kuhusu kukopa ili uonekane, hapo niko upande wako kabisa. Nina kiasi ninachotuma kila mwezi, mama anakijua, na mwezi nisioweza namwambia. Tuliyazungumza hayo usiku uleule, taa imezimwa, yeye kitandani mimi chini kwenye godoro nililoazima. Ndipo akaniambia kwamba pesa nyingi nilizomtumia amezilipia kisima, na kisima hicho majirani nao wanachota.

Mtu_wa_Hesabu

Hapo umenijibu sawasawa. Hongera kwa kisima.

Binti_wa_Bandarini

Assalam aleikum na habari za jioni. Mimi ni wa Mombasa, niko South C na mume wangu, hatujatimiza mwaka mmoja wa ndoa.

Siku yangu ni Idi ya kwanza nikiwa mwenye nyumba. Maisha yangu yote Idi ni kwa bibi, Majengo. Unaamka unakuta nyumba inanuka iliki na udi tangu alfajiri, wewe kazi yako ni kuvaa tu nguo mpya na kupokea hela ya Idi. Mwaka huu mume alikuwa na zamu kazini hatukuweza kushuka Pwani. Nikasema basi Idi itapanda huku juu.

Nikaenda Eastleigh siku mbili kabla, nikapata mchele mrefu, nazi, zafarani kidogo, na dera jipya. Nikampigia bibi simu, nikaiweka kwenye kabati la vyombo, akawa ananielekeza hatua kwa hatua. "Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe cha dhahabu, usikiharakishe. Nyama iive na maziwa lala. Sasa funika, acha kufunuafunua!" Alinikemea kama nina miaka kumi. Mume akarudi kutoka kusali Masjid Jamia mjini akiwa na wenzake watano wasio na kwao Nairobi. Tukatandika mkeka. Biriani ilitosha na ikabaki.

Lakini furaha yenyewe ilikuja baadaye. Bibi alisema kama naweza kupika vile basi anakuja kuhakikisha mwenyewe. Alikuwa hajawahi kupanda treni hii mpya, na inakwenda tangu 2017. Alipanda Miritini asubuhi na kanga zake mbili, alipopita Tsavo akawaona tembo dirishani, akanipigia simu kunihadithia kila kundi aliloliona. Kufika Syokimau alikuwa amefahamiana na behewa zima. Wananiaga: "Mtunze bibi yetu."

Shosho_wa_Rongai

Wajukuu zangu, sijui sana kuandika kwa simu, mnisamehe vidole. Nimelea mabinti wanne na wote wamenipokea manyumbani kwao, kwa hiyo nataka kumwambia huyu binti mama yake alikuwa anatafuta nini kwenye kabati.

Alikuwa anatafuta kama unakula. Mtoto akiwa mbali hukwambia "nimekula" kila siku. Mama haulizi tena kwa mdomo, anauliza unga. Unga ukiwa umepungua na pakiti nyingine iko nyuma yake, moyo unatulia. Mafuta anayanusa ajue kama unapika mara kwa mara au yamekaa. Komeo la dirisha mnalijua sababu yake. Na godoro analibonyeza ajue kama unalala ama unajitupa tu.

Mimi nilipoenda kwa binti yangu wa pili, wakati huo alikuwa Zimmerman, nilikuta jikoni sukari, chumvi, na majani ya chai, basi. Sikusema kitu. Nilikaa naye, nikampikia githeri, nikamfundisha kuweka akiba ya nafaka kwenye ndoo yenye kifuniko. Miaka miwili baadaye nikarudi nikakuta ndoo nne. Nne! Nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama pale kwenye ndoo. Siku hiyo kwangu ni kubwa kuliko siku aliyohitimu, kwa sababu kuhitimu nililipia mimi, na zile ndoo alizijaza mwenyewe.

Mama yako alipoomba maji, alikuwa amemaliza kukagua. Umepita.

Binti_wa_Wote

Shosho, nimesoma hii mara nyingi. Nimemsomea mama kwa simu. Amesema, "Huyo ni mwenzangu, mwambie shikamoo."

Shosho_wa_Rongai

Marahaba. Mwambie nasi huku tunakula maembe ya Makueni.

Kasuku_Mpole

Mama yangu alitangulia mbele ya haki nikiwa kidato cha tatu, kwa hiyo uzi huu nimeusoma kwa vipande. Lakini nina siku yangu na nitaileta.

Baba alitulea wawili. Ni mtu wa maneno machache, dereva wa lori la mchanga. Nilipopata nyumba yangu ya kwanza, Githurai, alikuja na kisanduku cha vifaa. Hakuuliza mambo ya unga. Alibadilisha kitasa cha mlango akaweka kipya alichokuja nacho, akakaza waya wa soketi, akaweka raba mpya kwenye mfereji uliokuwa unadondoka. Alipomaliza akanipa funguo zote za kile kitasa. Chai akanywa vikombe vitatu. Mimi naamini alikuwa akifanya ukaguzi uleule anaousema Shosho, ila kwa bisibisi.

Shosho_wa_Rongai

Ni uleule, mwanangu. Baba yako Mungu ambariki.

Dada_Mkubwa

Kasuku, baba yako anastahili uzi wake.

Mke_wa_Baharia

Yangu fupi. Nilirudi kazini baada ya likizo ya uzazi, ile miezi 3 ya sheria ya ajira. Siku ya kwanza nilidhani nitalia mchana kutwa. Saa saba dada wa kazi akanitumia picha: mwanangu amelala kifudifudi, ameinua kichwa na kifua mwenyewe. Nikainua simu nikaionyesha ofisi nzima, na mkuu wetu, mtu tusiyewahi kumwona akicheka, akaniambia wa kwake aliinua hivyohivyo, tena akakumbuka ilikuwa siku gani ya juma. Ana watoto wakubwa sasa.

Mgeni_Mpya

Swali kwa mwanzilishi. Kwetu wazee hawakubali kabisa mzazi alale kwa binti aliyeolewa. Mama yangu huja kunitembelea, lakini jua likielekea kuzama anatafuta kwa shangazi. Nimeolewa miaka sita. Inaniuma, ila sitaki kumvunjia desturi yake. Je, siku kama hiyo nitaipataje?

Binti_wa_Wote

Dada, wengi watakuwa na hali yako. Nadhani usiku si lazima. Mwalike aje asubuhi mapema, ale kwako mara mbili, apumzike mchana kwenye kiti chako, aoge kwa maji yako ya moto, jioni umsindikize mwenyewe mpaka kwa shangazi. Akinamama wana njia za kukaa na watoto wao bila kugusa desturi, muulize yeye mwenyewe angependa nini. Wengine hapa wana uzoefu zaidi yangu.

MamaPacha_Kayole

Sisi kwetu ni hivyohivyo. Mama yangu huja mchana siku za kliniki, tunaenda naye, tunarudi naye, anapika nasi, watoto wanalala mapajani mwake. Saa kumi na moja anavaa viatu. Usisubiri usiku, dada, saa za mchana ni nyingi.

Mgeni_Mpya

Nimeelewa. Jumamosi ijayo namwita kwa chai ya asubuhi.

Binti_wa_Wote

Nimerudi kuwapa yaliyofuata.

Mama alienda Kayole kumwona somo wake. Nilikuwepo. Alinawa mikono, akaivua saa yake, akamchukua mtoto akamtazama uso kwa muda mrefu. Kisha akamwamkia kwa Kikamba kwa jina lao wote wawili, kana kwamba anamsalimia rika lake. Mama mkwe wa kaka akacheka mpaka akashika mlango. Kiondo kimewekwa juu ya kabati, ndani mna nguo za mtoto. Kuku wa kapu ndiye aliyekuwa supu ya mzazi siku hiyo, na mzazi alikunywa mabakuli mawili.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza anataka kuona nini Nairobi. Nilifikiri atasema duka kubwa, au Uhuru Park. Akasema anataka kuliona lile jengo lililo kwenye pesa. Ndiyo, KICC, lile jumba la mikutano. Noti zote mpya za 2019 zinalo, kuanzia ya hamsini mpaka ya elfu, na yeye huuza ndengu sokoni, kwa hiyo hulishika kila siku. Tukaenda. Alisimama pale uwanjani akatoa noti ya mia mkobani, akaiinua juu akalinganisha, mara noti, mara jengo. Mpiga picha wa pale akamwomba asimame hivyohivyo akampiga. Picha nimeilipia mbili, moja yake, moja ya ukutani kwangu.

Kwenye matatu ya kurudi Makueni akaketi dirishani bila kuelekezwa. Akaniambia mwezi wa nane atakuja tena kumwona mtoto, na atalala kwa msichana.

Basi nimekuwa na kazi mpya ya kutafuta godoro la pili.

Jirani_wa_Innercore

Nina fundi mzuri wa magodoro pale sokoni Mutindwa, nakuandikia pembeni.

Dada_Mkubwa

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Sasa swali la jikoni: ule muthokoi ulipika? Mimi nilipewa nikaukwepa kwa sababu ya gesi.

Binti_wa_Wote

Nimeupika jana. Mahindi yale yamekwisha kukobolewa, kwa hiyo hayana ukaidi wa githeri. Loweka usiku kucha kwa maji mengi, asubuhi yamwage. Chemsha kwa maji mapya. Ndengu haziwekwi pamoja tangu mwanzo, huiva mapema zikavurugika. Ziweke mahindi yakianza kulainika. Mimi nilitumia jiko la makaa la jirani, yeye akachemshia maharagwe yake pembeni, tukagawana moto. Yakiiva gawa vipimo, weka kwenye mikebe, kitunguu na nyanya unakaanga siku ya kula. Mama anasema chumvi ni mwisho kabisa, na usiweke mchuzi wa pakiti.

Dada_Mkubwa

Naloweka leo usiku.